UMEIONGEZA INJINI NGUVU, KLACHI JE? SOMA HII KABLA HUJATOA HELA

Leo sio bei za jumla wala mambo ya kukopesha wateja. Leo naongea na nyie ambao gari ndio duka lenu: wenye pikapu, Canter na Land Cruiser mkonga mnaobeba vitunguu, alizeti, asali na kuku.

Huku kwetu Mgori, Singida, mzigo unaanzia shambani, na njia ya shambani ni mchanga. Gari inaondoka na gia namba moja, imelaliwa na lumbesa, na dereva anacheza na klachi mpaka afike barabara nzuri. Sasa miaka hii kumeingia mtindo wa kuongeza nguvu. Zile za pampu ya kawaida, fundi anafungua skrubu ya mafuta. Wenye 1HZ wanafungiwa turbo, maana ile injini ilitoka kiwandani haina. Wenye D4D wanapeleka kompyuta ya gari ikaandikwe upya. Gari inakuwa tamu kweli, mlima uliokuwa unapanda na gia mbili unapanda na tatu.

Baada ya muda mtu anakuja kaunta kwangu: "Dogo, klachi inaslipu, nipe klachi ngumu kuliko zote." Hapo ndipo hela nyingi zinapotea, kwa sababu klachi ngumu kuliko zote mara nyingi siyo inayokufaa.

Tuelewane kwanza klachi inafanyaje kazi. Chukua sahani ishike katikati ya viganja viwili, halafu mtu ajaribu kuizungusha. Ukitaka isizunguke una njia tatu tu. Moja, ubane zaidi. Mbili, uvae glavu yenye kukwaruza. Tatu, uishike pembeni badala ya katikati, yaani utumie sahani kubwa zaidi. Klachi ni hivyo hivyo. Presha pleti ndiyo mbano, bitana ya klachi pleti ndiyo glavu, na upana wa pleti ndio sahani. Klachi nyingi zinazouzwa kwa jina la "heavy duty" zimeongeza kimoja kati ya hivyo vitatu au viwili kwa pamoja. Kwa hiyo muuzaji akikwambia hii ni ya nguvu, muulize: imeongezwa nini? Asipojua kujibu, anakuuzia boksi.

Jambo la pili, achana na hesabu za farasi. Farasi ni nguvu ukichanganya na mzunguko wa injini. Klachi haijali farasi, inajali nguvu ya kuzungusha, ile inayoandikwa Nm. Na dizeli inatoa Nm nyingi ikiwa chini kabisa, pale unapoondoka na mzigo. Ndio maana gari ndogo ya petroli inaweza kuwa na farasi sawa na pikapu yako ya dizeli, lakini klachi yake ukiifunga kwenye pikapu haitafika mbali.

Tupige hesabu ya 1HZ ambayo wengi mnaijua. Kiwandani inatoa Nm 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Tuseme fundi kakufungia turbo na nguvu imepanda kwa asilimia 30. Sasa una kama Nm 370. Mimi huwa naongeza robo nyingine juu yake kama akiba, kwa sababu bitana inapopata moto inapunguza kushika, na inapolika mbano nao unabadilika. 370 ukiongeza robo unapata kama 460. Basi klachi ya kutafuta ni ile ambayo mtengenezaji anasema inabeba Nm 450 hadi 500. Sio 800. Linganisha na Toyota wenyewe: ile Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye V8 ya dizeli, 1VD, inatoa Nm 430. Kwa hiyo unachokitafuta sio kitu cha ajabu, ni klachi ya daraja la injini moja juu ya yako.

Ila hesabu hiyo inataka ujue umeongeza kiasi gani. Fundi akikwambia tu "nimeiachia" bila kipimo chochote, chukua asilimia 30 kama makadirio. Na kama moshi mweusi unatoka kama tanuri la mkaa, usinunue klachi kwanza, rudi kwa huyo fundi apunguze mafuta. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua, hayakupi nguvu, yanakula hela na kuchemsha injini.

Sasa tuje kwenye kuchagua.

Kwa asilimia kubwa ya wafanyabiashara wa mizigo, ushauri wangu ni presha pleti yenye mbano mkubwa zaidi, na klachi pleti ya bitana ya kawaida iliyo bora, yenye springi katikati. Basi. Hiyo inaondoka taratibu, haitetemeki, na dereva yeyote anaiendesha, hata yule kijana uliyemwajiri juzi. Kasoro yake ni moja: pedali inakuwa nzito kidogo. Hapo angalia masta silinda na ile silinda ya chini. Kama zinavuja tangu zamani, mbano mpya utazimaliza, na utajikuta njiani pedali imeenda chini haijarudi.

Zile springi za katikati usizidharau. Dizeli inazunguka kwa kupiga piga, na ile mipigo inameziwa na springi kabla haijafika kwenye gia boksi. Kuna pleti zinauzwa hazina springi kabisa, katikati ni chuma kitupu. Ni nyepesi na zinaonekana imara. Kwenye gari ya mzigo achana nazo.

Halafu kuna zile za seramiki, zenye vipande vipande vya rangi ya kopa badala ya bitana ya mzunguko mzima. Vijana wanazipenda kwa sababu wameziona kwenye video za mashindano. Ni kweli zinashika sana na zinavumilia moto. Lakini zinashika ghafla, hazina katikati: ama imeachia ama imeuma. Fikiria unarudi nyuma kwenye ghala la Singida mjini, nyuma kuna watu wanapanga magunia, na gari inaruka kama chura. Fikiria unajitoa mchangani na kila ukiachia pedali mshtuko unaenda kwenye gia boksi, kwenye propela, kwenye difu. Seramiki inakula flaiwili pia. Yaani umeokoa klachi umeua vitu vya bei mara tatu. Mtu anayevuta trela nzito siku nzima sawa, ana sababu. Wewe wa gunia 20 za vitunguu huna.

Njia ya tatu, kufunga klachi pana zaidi kutoka injini kubwa, ni nzuri kuliko zote kwa kudumu, kwa sababu unapata nguvu bila kukaza pedali sana na moto unasambaa kwenye eneo kubwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi lazima ubadilishe na flaiwili, na sio kila nyumba ya klachi ina nafasi. Kabla ya kununua, hesabu meno ya katikati ya pleti yako ya zamani, pima upana wake, na pima unene wa shafti. Nenda na pleti yenyewe mkononi. Picha ya WhatsApp kwa muuzaji wa Gerezani haitoshi; pleti mbili zinaweza kufanana kabisa kwenye picha zikatofautiana meno.

Kuhusu kubandika bitana upya, najua wengi mnafanya, na kwenye gari ambayo haijaguswa inaweza kukusogeza. Kwenye gari iliyoongezwa nguvu sikushauri. Ribiti zikiachia, bitana inasambaratika humo ndani kwa kasi kubwa. Na presha pleti ya mtumba nayo hivyo hivyo: inaonekana safi, imefutwa vizuri, lakini springi zake zimeshapikwa na moto miaka mingi. Mbano hauonekani kwa macho. Ukiona alama za bluu kwenye uso wa chuma, hiyo imeshaungua, iache hapo hapo.

Bandia ni shida nyingine. Boksi za Exedy na Aisin zinaigwa sana kwa sababu zinatafutwa. Angalia maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, sio kwenye boksi tu, na namba za spea zifanane. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani, FCC, ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia, na bila risiti huna pa kuanzia.

Kitu ambacho wengi wanaruka: hakikisha kweli klachi ndiyo mbovu. Jaribio ni rahisi. Ukiwa barabara iliyonyooka, isiyo na magari, na gari ina mzigo, weka gia ya nne kwa mwendo mdogo kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikipanda sauti na gari haiongezi mwendo, inaslipu. Sasa kabla hujasema pleti imeisha, chungulia kama kuna oili inayotoka katikati ya injini na gia boksi. Sili ya nyuma ya krenki ikivuja, oili inaingia kwenye bitana, na hapo hata ufunge klachi ya lori itateleza. Injini ya turbo iliyochoka inasukuma oili kwa presha, kwa hiyo hizo sili zinapata shida zaidi.

Gia boksi ikishashushwa, gharama kubwa ya ufundi umeshailipa. Usibane hela ndogo hapo. Badilisha pamoja pleti, presha pleti, beringi ya klachi na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Weka sili mpya ya krenki. Flaiwili ipelekwe ikakerezwe iwe tambarare, na kama ni ile yenye ngazi, mkerezaji apunguze sehemu zote mbili kwa kiasi kimoja, la sivyo mbano utabadilika. Chukua mfano wa kufikirika: kushusha gia boksi ni 80,000 na beringi ni 30,000. Ukiacha beringi ya zamani ikalia baada ya miezi miwili, unalipa 110,000 kwa ajili ya kuokoa 30,000, na siku mbili gari haipo barabarani wakati vitunguu vinaota gunini.

Wenye dizeli mpya muwe makini zaidi. Baadhi zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani yake. Hiyo haikerezwi ovyo, na ikichoka bei yake inaumiza. Kuna seti za kuibadilisha iwe flaiwili ya kipande kimoja, na kwa gari ya mzigo wengi wanaenda huko. Sharti ni pleti yake iwe na springi nzuri, na uwe tayari kusikia mlio kidogo gari ikiwa inanguruma imesimama.

Halafu muda wa kubadilisha. Klachi mpya inataka kilomita kama 500 za kwanza kwa upole, bila mzigo mzito, bila kukanyaga mpaka mwisho, ili bitana ikae vizuri na flaiwili. Sasa mtu anafunga asubuhi, jioni kapakia alizeti anaelekea kupandisha Sekenke. Inaungua palepale halafu lawama kwa muuzaji. Kwa wa huku, alizeti inaanza kuvunwa kuanzia mwezi wa tano hivi. Basi funga mwezi wa tatu au wa nne, zungukia minada na mizigo midogo, ili msimu ukifungua klachi iwe imeshakaa. Na mwambie dereva wako mguu wa kushoto usilale kwenye pedali, na akisimama mlimani ashike breki, asiishikilie gari kwa klachi.