Redio ya Gari Ikipiga Kelele, Anza na Chaja

Wazazi wengi tulioko Uingereza tunajua kwamba gari ndilo darasa la Kiswahili la watoto wetu. Shuleni ni Kiingereza, nyumbani televisheni. Garini hawana pa kukimbilia. Wetu husikiliza humo hadithi ambazo bibi yao anawarekodia kutoka Tanga, kwa simu iliyounganishwa na redio kwa waya wa AUX.

Majira ya baridi yaliyopita mlio mwembamba ulianza kumfunika bibi. Nikikanyaga mafuta, mlio unapanda, nikiachia, unashuka. Mdogo akauliza kwa nini bibi anaongea na mbu. Haikupita wiki wakaanza kuomba katuni za Kiingereza. Fundi akashauri tununue redio mpya.

Kabla ya kutoa pesa, nilisimamisha gari mahali pa wazi nikajaribu mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, sauti ilikuwa safi. Nilipoiwasha, mlio ukarudi. Nikachomoa chaja ya simu, mlio ukakatika papo hapo. Nikaichomeka tena, mbu huyo.

Sababu yake ni hii. Alteneta inayochaji betri hutoa umeme wenye mawimbi madogo yanayoongezeka kasi pamoja na injini. Simu ikiwa kwenye chaja na kwenye AUX kwa wakati mmoja, waya zake za hasi hufika kwenye bodi ya gari kwa njia mbili, na mzunguko unaofanyika hupeleka mawimbi hayo hadi kwenye spika. Redio yetu ilikuwa nzima kabisa. Dawa ni kuchaji simu nyumbani, kutumia Bluetooth, au kuweka kwenye waya wa AUX kifaa kidogo chenye transfoma, kinachopitisha sauti bila kuunganisha waya hizo.

Kuna kelele ya pili isiyofuata kasi ya injini: stesheni za DAB hukatika kila kamera ya dashibodi ikiwashwa. Kamera na chaja hushusha umeme wa volti 12 hadi 5 kwa kuukata na kuuunga maelfu ya mara kwa sekunde. Kifaa kisichokingwa vizuri huvujisha kelele hewani, hadi kwenye masafa ya DAB, megahezi 174 hadi 240. Chomoa kamera usikilize. Ikiwa ndiyo yenye kosa, sogeza waya wake mbali na antena, ambayo mara nyingi imo ndani ya kioo, tumia chaja bora, au bana kipande cha feraiti kwenye waya, karibu na kamera. Usipitishe waya mbele ya mfuko wa hewa ulio kwenye nguzo ya kioo.

Ukichomoa kila kitu na kelele ikabaki, sikiliza namna yake. Mlio unaopanda na injini unaelekeza kwenye alteneta, au kwenye waya wa hasi wa redio uliolegea au kushika kutu. Mdundo wa tik-tik katika gari la petroli unaelekeza kwenye plagi na waya zake. Hapo nenda kwa fundi, umweleze ulichochomoa na ulichosikia, ili aanzie hapo badala ya kukuuzia redio.