Mpunga ulionunuliwa kabla ya kuvunwa: ni salam au ni riba?

 

Ndugu msomaji, kila ifikapo Januari, shule zinapofunguliwa na ghala za nyumbani zikiwa zimebaki na vumbi, huanza katika vijiji vya Bonde la Ziwa Rukwa biashara isiyo na bango wala leseni. Mwenye fedha humpa mkulima fedha taslimu leo, na mkulima humwahidi magunia ya mpunga au ya ufuta wakati wa mavuno. Hapa Mtowisa, chini ya safu ya Lyambalyamfipa, ahadi hiyo husubiri miezi minne au mitano. Wala desturi hii si ya bonde letu peke yake. Kagera huiita butura, inapohusu kahawa ambayo bado iko mtini. Mtwara na Lindi, katika korosho, huiita kangomba, na mwaka 2018 Serikali iliiandama hata neno lenyewe likajulikana nchi nzima.

Je, ni haramu? Wako wanaojibu kwa haraka kwamba hiyo ni riba tupu. Wanaoifanya nao hujitetea kwamba wao wananunua na kuuza, na Allah amehalalisha biashara. Kila upande umeshika nusu ya jambo.

Hoja ya kwamba biashara na riba ni kitu kimoja si ngeni. Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Baqara aya ya 275, inaitaja kuwa ni kauli ya walaji riba, kisha inaikata: biashara imehalalishwa na riba imeharamishwa. Mwenye kuuza bidhaa hubeba hatari ya bidhaa hiyo, nayo huweza kuharibika, kuibiwa au kushuka bei mkononi mwake. Mwenye kukopesha fedha kwa nyongeza hataki kubeba chochote; fedha yake izae, mvua inyeshe isinyeshe. Juu ya msingi huo sharia ikaongeza katazo la gharari, yaani mauziano ya kitu kisichojulikana sifa, kiasi au wakati wake, na katazo la maisiri, yaani kamari.

Sasa, Mtume (SAW) alipohamia Madina aliwakuta watu wake wakilipana leo kwa ajili ya tende za mwaka mmoja, miwili, hata mitatu ijayo. Hakuwakataza. Kwa mapokezi ya Ibn Abbas (RA), waliyoyatoa Bukhari na Muslim, aliwaelekeza kwamba mwenye kutanguliza malipo na afanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, kwa uzani unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Mapatano haya ndiyo yaitwayo salam au salaf. Nayo ni ruhusa ya pekee, kwa kuwa asili ni kwamba mtu hauzi asichokuwa nacho. Mkulima aliruhusiwa kwa sababu anahitaji mtaji kabla ya mavuno, na mnunuzi hupata bei nafuu kwa kuwa ametanguliza fedha. Unafuu huo ni halali, na wanavyuoni wameutaja wazi.

Tuipime desturi ya bonde letu kwa mizani hiyo.

Kwanza ni kipimo, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa ndipo mkulima anapoumia bila kujua. Mapatano hutajwa kwa "gunia". Gunia la nani? Januari lilitajwa gunia la kawaida; Juni mnunuzi huja na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo hubeba madebe kadhaa zaidi. Sheria ya Vipimo ya nchi imelikataza, na Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele miaka nenda rudi. Lakini kabla ya sheria ya nchi, fikihi ilikuwa imekwisha kuyabatilisha mapatano yenyewe, kwani chombo kisichojulikana ujazo wake hakifai kuwa kipimo cha salam. Mwenye kutaka halali aandike kilo. Tena aandike kilo za nini: mpunga au mchele, wa mbegu gani, mkavu kiasi gani, uliopepetwa au la.

Pili ni shamba. Mnunuzi wetu hupenda kuonyeshwa: "nimenunua jaruba lile". Hilo si salam tena. Ni kuuza mazao ya shamba maalumu kabla hayajaonyesha kukomaa, na Mtume (SAW) alilikataza. Salam huwa ni deni la mazao yenye sifa zilizotajwa, lililo katika dhima ya mkulima. Shamba lake likisombwa na mto, atanunua kwa jirani na kulipa. Masahaba Abdullah bin Abi Awfa na Abdurrahman bin Abza (RA) wamepokewa wakisema kwamba walikuwa wakitanguliza malipo kwa wakulima wa Kinabati wa Sham kwa ngano, shayiri na mafuta, wala hawakuwauliza kama wana mashamba. Na tukumbuke katika mkoa wetu huu, ambako majirani zetu wengi ni Wakristo, kwamba muamala huu haukufungiwa kwa Waislamu peke yao.

Tatu ni malipo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, fedha yote hutolewa katika kikao cha mapatano. Imam Malik amevumilia siku tatu tu. Wanaotoa nusu Januari na kuahidi nusu wakati wa mavuno wameuza deni kwa deni.

Nne ni masharti yanayogeuza biashara kuwa riba. Mnunuzi akisema, "utanipa magunia matano au fedha yake kwa bei ya siku hiyo", basi ametoa fedha ili apokee fedha nyingi zaidi, na mpunga umekuwa pazia tu. Mvua zikikatika, naye akasema gunia moja litakuwa mawili msimu ujao, basi hiyo ndiyo riba ya Jahiliya: lipa au ongeza. Kadhalika anayeazima gunia moja la mahindi wakati wa njaa ili alipwe mawili. Ngano, shayiri, tende na chumvi zimetajwa katika hadithi ya vitu vya riba, na Mashafi wamevipimia vyakula vingine, mahindi na mpunga vikiwamo.

Akikosa kulipa kwa dhiki ya kweli, mnunuzi ana njia mbili: asubiri, au avunje mapatano na arudishiwe fedha aliyoitoa, bila nyongeza. Kusubiri ndiko kulikoamrishwa kwa mdaiwa mwenye dhiki katika aya ya 280 ya sura hiyohiyo.

Msomaji makini atauliza: je, masharti yote yakitimia, lakini bei ikawa ya kumnyonya mwenye njaa? Swali ni zito, na sioni vema kulipita kwa kusema tu kwamba waliridhiana. Sudan, ambako katika miaka ya 1990 mabenki yalitumia salam kuwapa wakulima mitaji, walikutana nalo wakati mfumuko wa bei ulipopanda. Wanavyuoni wao waliweka katika mikataba kifungu cha kuondoa dhulma: bei ya mavuno ikitofautiana na bei ya mkataba kwa zaidi ya theluthi moja, pande mbili hurekebishana. Wako waliokipinga, wakiona kinaipunguzia salam uhakika wake. Mimi naona kinafaa katika bonde letu.

Nyenzo nyingine nitazitaja kwa ufupi. Murabaha ni kuuziwa kitu, tuseme pawatila, kwa gharama yake pamoja na faida iliyotajwa, kwa malipo ya baadaye. Sharti muuzaji akimiliki kwanza. Ijara ni kukodisha. Mudaraba ni fedha ya mmoja na kazi ya mwingine kwa kugawana faida. Hasara ya fedha ni ya mwenye fedha, ikiwa mwenziwe hakufanya uzembe. Musharaka ni mtaji wa pamoja. Sukuk ni hati za umiliki katika mali au mradi. Qardh hasan ni mkopo wa hisani usio na faida.

Benki za namna hii nchini zipo. Amana ilianza mwaka 2011 ikiwa ya kwanza kufuata sharia kikamilifu, na CRDB ilifungua dirisha la Al Barakah mwaka 2021. Lakini mkulima wa Mtowisa asingoje tawi lifunguliwe mlangoni pake. Huko Misri, Dakta Ahmad al-Najjar alianza mwaka 1963 katika mji mdogo wa Mit Ghamr, kwenye delta ya Nile, kwa akiba ndogondogo za wanavijiji. Benki yake haikudumu zaidi ya miaka michache, lakini ilitangulia Benki ya Kiislamu ya Dubai na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, zote mbili za mwaka 1975. Waumini kumi wa msikiti mmoja, au chama cha ushirika cha mazao, wanaweza kukusanya mtaji na kununua kwa salam kwa haki.

Wakifanya hivyo, waandike. Aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Karatasi itaje kilo, aina, tarehe, fedha iliyopokewa, na jambo moja ambalo husahauliwa mno huku kwetu: mahali pa kukabidhi. Mpunga unaokabidhiwa Mtowisa si sawa kwa bei na mpunga unaokabidhiwa Sumbawanga mjini. Kati ya sehemu hizo mbili kuna ukingo wa kupanda na nauli ya lori, na asiyeandika ni nani atakayeilipa ameacha mlango wa ugomvi wazi.