Hesabu za GRE: Turudi Kwenye Msingi

Wahitimu wetu wengi wanaoomba kusoma shahada ya uzamili Marekani hukata tamaa kwa kuhofia hesabu za mtihani wa GRE. Ilhali maswali yake 27 ya hesabu, yanayofanywa kwa dakika 47, hayavuki kiwango cha sekondari.

Aliye dhaifu asikimbilie mitihani ya majaribio. Aanze na sehemu, asilimia na uwiano, ndipo aingie aljebra, jometri na takwimu. Bei ya shilingi 100 ikipanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20, huwa 96, kwani punguzo limetolewa katika 120. Asiyeliona hilo, msingi wake bado.

Kila kosa aliandike daftarini, alirudie baada ya wiki pasipo kutazama jibu. Nasi wazazi tumwachie walau saa moja tulivu kila jioni.