Kolwezi: Nyumba ya mjane ina bei gani machimbo yakiifikia?

Mjini Kolwezi, mtu akifariki, viti na kabati hutolewa sebuleni, mikeka inatandikwa, na akina mama wanaingia kukaa chini pamoja na mjane. Wanaume hubaki nje chini ya bashi, karibu na moto. Kwa siku hizo nyumba inapoteza jina la mwenyewe. Jirani akiulizwa anaelekea wapi, anajibu tu kwamba anaenda kwenye kilio.

Nyumba za aina hiyo zinazidi kupungua katika mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Mwezi Septemba 2023, Amnesty International na shirika la Congo la IBGDH walitoa ripoti kuhusu familia zilizoondolewa ili kupisha machimbo ya shaba na kobalti. Mtaa mmoja uliotajwa ni Cité Gécamines, katikati ya Kolwezi, ambako shimo la kampuni ya COMMUS, ubia wa Zijin ya China na Gécamines, limesogea hadi karibu na nyumba za watu. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, kuna wakaaji waliojua kwamba zamu yao imefika walipoona msalaba mwekundu umechorwa kwenye ukuta.

Mjadala umekuwa juu ya malipo: kiasi gani, kwa nani, na kama kinatosha kununua nyumba nyingine mjini. Lakini kwa wajane wengi nyumba hizi zina historia ndefu kuliko bei yake.

Nyumba iliyofuata kazi ya mume

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937, wakati Union Minière du Haut-Katanga ilipopanua kazi zake upande wa magharibi wa ukanda wa shaba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilikuwa imebadilisha siasa yake. Badala ya kuchukua vijana wa muda mfupi, ilitaka mfanyakazi mwenye mke, atakayekaa kambini na kulea watoto hapo hapo.

Hivyo nyumba ya matofali ilijengwa kwa ajili ya familia. Posho ilihesabiwa kulingana na mke na idadi ya watoto. Akina mama walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto wachanga katika vituo vya kampuni. Watu walizoea kusema kwamba kampuni ni baba na ni mama.

Hata hivyo nyumba haikuwa ya mama huyo. Aliingia humo kama mke wa mfanyakazi, na jina lililoandikwa ofisini lilikuwa la mume. Kazi ikikatika, au mume akifa, nyumba nayo ilikuwa mashakani. Mwanamke aliyefiwa alikuwa na misiba miwili ya kufikiria kwa wakati mmoja.

Mali ya Union Minière ilipotaifishwa mwaka 1967, na baadaye kampuni ya serikali ikachukua jina la Gécamines, utaratibu huo uliendelea. Shule, hospitali, unga na nyumba vyote vilitoka mlango mmoja.

Kuta zilizoona mengi

Tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa FNLC waliotokea Angola waliingia Kolwezi. Tarehe 19 Mei, askari wa miamvuli wa jeshi la kigeni la Ufaransa wakashushwa juu ya mji. Mamia ya watu waliuawa katika siku hizo, Wakongomani na Wazungu. Duniani, habari iliyosikika zaidi ilikuwa ya Wazungu waliouawa. Kwa familia za Kiafrika, kumbukumbu ilibaki zaidi nyumbani: nani alijificha chini ya kitanda gani, nani alitoka kutafuta maji na hakurudi.

Miaka 15 baadaye ilifika zamu ya wenyeji wa asili ya Kasai. Katika fujo za 1992 na 1993, maelfu walifukuzwa kutoka nyumba zao katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo. Walirundikana kwenye stesheni za reli wakingojea treni, na wengi walifia hapo au njiani. Nyumba walizoziacha zilipata wakaaji wengine. Kwa hiyo kuna nyumba Kolwezi ambayo mama mmoja anaikumbuka kwa harusi yake, na mama mwingine, akiwa mbali, anaikumbuka kama mahali alipoacha sufuria motoni.

Wakati huo Gécamines yenyewe ilikuwa inaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na uzalishaji wa shaba uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ukashuka vibaya. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kupitia mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Katika miaka hiyo, nyumba nyingi za kampuni zilipita mikononi mwa wale waliokuwa wakikaa ndani. Baada ya miezi mingi bila mshahara, nyumba ndiyo kitu pekee ambacho familia nyingi zilibaki nacho kutokana na maisha yote ya kazi.

Haki ya kukaa

Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi. Mjane yuko katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Lakini mbali na sehemu yake katika mali ya pamoja, kulingana na aina ya ndoa, sheria inamwachia haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe.

Haki hiyo imeshikamana na nyumba. Nyumba inapogeuzwa kuwa hela, swali linabadilika: nani anatia saini, nani anapokea, na mama atalala wapi baada ya watoto na ndugu wa marehemu kugawana? Mchoraji wa msalaba mwekundu hamwulizi mtu kama humo ndani kuna mjane.

Mwandishi Sinzo Aanza, mzaliwa wa Goma, aliligusa jambo hili mwaka 2015 katika riwaya yake "Généalogie d'une banalité", ambamo wakaaji wa mtaa mmoja wanachimba chini ya nyumba zao wakitafuta shaba. Kolwezi haikuhitaji kubuni. Mwaka uliotangulia, kobalti ilikuwa imegunduliwa chini ya viwanja vya mtaa wa Kasulo, na mashimo yakafunguliwa uani na hata ndani ya vyumba.

Anayekuja kuhesabu mali ya kulipwa huandika vyumba, bati, kisima, miembe. Katika karatasi hiyo panaweza kuongezwa mstari mmoja bila gharama kubwa: jina la mama anayeishi humo, na mahali atakapokaa. Siku kilio kitakapofika tena, majirani watahitaji kujua watandike mikeka wapi.