Fedha Halisi na Fedha ya Hadaa



Ndugu zetu Waislamu, tunamhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake. Mwezi huu wengi wetu hukadiria zaka, na wapo waliohifadhi reale za Maria Theresa, za urithi au zilizonunuliwa katika masoko ya Matrah na Nizwa. Kabla ya kuuliza zaka yake ni kiasi gani, yatupasa tuulize: je, hiyo ni fedha kweli?

Reale hii ilitumika Uarabuni, Uhabeshi na Unguja. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki mtawala huyo wa Austria. Lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna kwenyewe na hata London, Roma na Bombay. Kwa hiyo tarehe si ushahidi wa umri. Iliyopigwa baadaye kwa kiwango chake si bandia. Ila anayeiuza kwa bei ya kikale, hali anajua asili yake, amehadaa.

Reale halisi ina uzito wa gramu 28.07 hivi, na katika kila sehemu 1,000 fedha ni 833. Ukingoni mna maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, yenye maana ya uadilifu na huruma. Ukingo mtupu ni dalili mbaya. Sumaku ikiinasa, si fedha. Lakini isiponaswa tusitulie, kwani shaba na risasi nazo hazinaswi.

Kipimo bora ni maji. Tuweke bilauri ya maji juu ya mizani ndogo, turudishe hesabu kwenye sifuri, kisha tuitumbukize reale kwa uzi bila kugusa chini. Mizani isome gramu 2.75 hivi. Ikizidi 3, yaelekea ni shaba iliyopakwa fedha. Shaka ikibaki, tumwendee sonara mwaminifu asiye na maslahi katika biashara hiyo.

Faida ya kipimo hiki yaonekana katika zaka. Nisabu ya fedha ni takriban gramu 595. Kila reale ina gramu 23.4 za fedha safi. Kwa wanaohesabu fedha safi peke yake, reale 25 hazijafika, 26 zimefika. Chache zikiwa bandia, hesabu yote hubadilika.

Katika kununua, tudai risiti yenye uzito na kiwango. Bei iliyo chini mno ya thamani ya madini ituamshe. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Fedha kwa fedha hubadilishwa sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameitia noti katika hukumu ya kupokezana papo hapo. Basi anayeagiza fedha kwa intaneti, ikamfikia baada ya siku kadhaa, na amuulize mwanachuoni kabla ya kulipa.

Na aliyekwisha hadaiwa afanyeje? Amrudie muuzaji adai haki yake; lakini asimpitishie mwenziwe. Imamu Al-Ghazali, katika Ihya Ulumiddin, ameelekeza kwamba dirhamu bandia itupwe kisimani mkono usikofika, maana madhara yake huhama kutoka mtu hadi mtu, na dhambi humfuata aliyeipitisha. Hasara ya sarafu moja ni nyepesi kuliko mzigo huo.

Mwenyezi Mungu atutakasie mali zetu na atukubalie saumu zetu. Amin.