Je, Wajua? Lakabu ya Wakongwe wa Vita vya Mezani

Je, wajua kwamba wachezaji wa michezo ya vita ya mezani, wale wapangao sanamu ndogo za askari na kuamua hatima ya majeshi kwa kutupa dadu, humwita mkongwe miongoni mwao "grognard", yaani mnung'unikaji, lakabu waliyopewa askari wa Kifaransa wa kikosi cha Walinzi Wakongwe wa Napoleon, ambao, kwa fadhila ya ushujaa wao na utumishi wao wa miaka mingi, walithubutu kulalamika hata mbele ya Kaisari wao? Lakabu hiyo ilienea kwa wachezaji wa Marekani katika miaka ya 1970, na hata leo yamstahiki mtu ashikiliaye kanuni za kale na aijuaye kwa yakini historia ya vita.