Kila Ishara na Sababu Yake

Ishara ya hatari hupuuzwa mara chache kwa sababu haikuonekana. Kwa kawaida huonekana vizuri, kisha hutafutiwa sababu, na sababu hiyo huwa na ukweli ndani yake. Anayejidanganya hatumii uongo mtupu. Hutumia vipande vya ukweli ambavyo hajavijumlisha.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza mwaka 1957 kwamba akili haitulii inapobeba mambo mawili yanayopingana, kwa mfano kwamba mtu ana busara na kwamba ameamua vibaya. Uamuzi umekwisha kupita, hivyo kinachobaki kubadilishwa ni maana ya ishara.

Makaa ya mawe ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, yanaonyesha jinsi jambo hili linavyojijenga polepole. Akiba yake, inayokadiriwa kuwa tani milioni 428, si ndoto. Septemba 2011 Shirika la Taifa la Maendeleo (NDC) na kampuni ya China, Sichuan Hongda, walitia saini mkataba wa kuyachimba pamoja na chuma cha Liganga, na kujenga mtambo wa umeme wa megawati 600. Miaka ikapita bila mgodi. Fidia ya wananchi ilikuja kulipwa 2023. Tuseme mtu alinunua kiwanja Makambako mwaka ule wa mkataba, akipiga hesabu kwamba makaa yatapita pale, penye njia panda ya Songea na stesheni ya TAZARA. Kusubiri mwaka mmoja hakukuwa ujinga hata kidogo. Mwaka wa pili akasema mikataba mikubwa huchukua muda: kweli. Wa nne, fidia bado: kweli. Wa saba, masharti yanapitiwa upya: kweli pia. Kila mwaka aliujibu peke yake, na miaka yote saba hakuwahi kuiweka mezani pamoja. Kukiuza kwa hasara kungekuwa kukiri, na fedha iliyokwisha kutoka mfukoni hutetewa kuliko ile ambayo bado ipo.

Serikali nazo hazina kinga. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 huko Kongwa, Ugogo, nchi ambayo wenyeji wake waliujua ukame wake vizuri. Mwaka wa kwanza zililengwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni 7,500 hivi. Matrekta ya mitumba yalipokufa, vipuri vikaagizwa. Mizizi ya pori iliposhinda majembe, zikatafutwa mashine nzito zaidi, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Udongo ulipokauka ukawa kama saruji, lawama ikaenda kwa mvua. Kila kasoro ilipata fundi wake, ila swali la kama nchi ile ilifaa kilimo cha ukubwa ule likaendelea kusubiri. Lilijibiwa Januari 1951, mpango ulipofutwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwisha kuteketea.